Una Hisa na Uchaguzi Umekaribia: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila uchaguzi unapokaribia, maswali huwa yaleyale. Niuze kabla ya kura? Nisubiri matokeo ndipo ninunue? Fulani akishinda, hisa zipi zitapanda? Kisha matokeo yakitoka huja la nne: mbona soko limepanda ilhali ameshinda yule tuliyeambiwa ataliangusha? Kuyajibu moja moja kumenichosha, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa utaratibu ambao hata anayeanza anaweza kuufuata akiwa na kalamu na daftari.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye hisa zake chache, au anayetaka kuzinunua, na ambaye hana nafasi ya kukodolea skrini macho mchana kutwa. Haukufundishi kubashiri mshindi. Ukiufuata utaona kuwa kumjua mshindi kuna faida ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Nadharia kidogo, halafu kazi

Bei ya hisa ya leo tayari imebeba yale ambayo wengi wanayatarajia kesho. Habari inayoitikisa ni ile iliyotofautiana na matarajio hayo. Tazama Mexico, Juni 2024. Ushindi wa Claudia Sheinbaum ulitarajiwa na karibu kila mtu, naye akashinda tarehe 2. Kesho yake fahirisi kuu ya soko la hisa la nchi hiyo, yaani kipimo cha bei za hisa zake kubwa kwa pamoja, ikaanguka kwa takribani asilimia 6, na peso ikashuka pia. Mshtuko ulitoka bungeni: chama chake na washirika wake walipata viti vingi kuliko ilivyodhaniwa, vya kutosha kuisogelea nguvu ya kubadilisha katiba. Aliyemtabiri mshindi kwa usahihi alipata hasara sawa na aliyekosea.

La pili ni mashaka yenyewe. Watu wasipojua kodi, leseni na sera za mwaka ujao zitakuwaje, hutaka kununua kwa bei nafuu zaidi ili kufidia mashaka hayo. Mashaka yakiondoka, sehemu ya bei hurudi, hata kama aliyeshinda hapendwi na wawekezaji. Kabla ya uchaguzi wa Marekani wa 2016, fahirisi ya S&P 500, ya kampuni kubwa za nchi hiyo, ilishuka siku tisa mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1980. Jumla ya anguko hilo ilikuwa kama asilimia 3 tu. Ilikuwa mbinyo wa polepole wa watu waliokataa kununua hadi wajue.

Nadharia inatosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya hisa zako zote, kila moja na thamani yake kwa bei ya leo. Bei uliyonunulia iache pembeni. Soko haliijui na haliijali.
- Ripoti ya mwaka ya kila kampuni, au angalau kurasa mbili za ripoti hiyo: ule unaoonyesha mapato yanatoka nchi zipi, na ule unaoonyesha madeni yamekopwa kwa sarafu gani.
- Kanuni za soko lako: saa za biashara, kiwango cha juu ambacho bei inaruhusiwa kupanda au kushuka kwa siku, na siku ambazo biashara husimamishwa.
- Idadi ya siku ambazo malipo huchukua kukufikia baada ya kuuza. Marekani na India ni siku moja ya kazi. Kwingineko mara nyingi ni mbili au tatu. Ukiuza Ijumaa kwa mategemeo ya kutumia fedha Jumamosi, umekwama.
- Namba ya simu ya dalali wako na uhakika kwamba anapokea oda kwa simu. Usidharau hili. Uganda ilizimiwa intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na aliyekuwa na programu ya simu peke yake hakuwa na lolote la kufanya.
- Daftari la karatasi. Sababu utaiona kwenye hatua ya 5.

Anza kazi hii miezi miwili au mitatu kabla ya kura. Ukianza wiki moja kabla, hatua ya 2 na ya 6 hazitakusaidia sana.

Hatua ya 1: Andika tarehe zote, siyo siku ya kura peke yake

Mgeni wa mambo haya huitia alama siku ya kura akaishia hapo. Kumbe siku ya kura mara nyingi ndiyo tulivu kuliko zote, na masoko kadhaa huwa yamefungwa. Tarehe zenye kishindo huwa kabla yake au baada yake.

Mfano mkali kuliko yote ninaoujua ni wa Argentina. Tarehe 11 Agosti 2019 kulikuwa na kura za mchujo tu, za vyama vyote siku moja. Hakuna rais aliyechaguliwa siku hiyo. Tafiti za maoni zilionyesha ushindani wa karibu, lakini mgombea wa upinzani Alberto Fernández akamwacha Rais Mauricio Macri kwa takribani pointi 15. Kesho yake fahirisi ya Merval ikaporomoka kwa takribani asilimia 38 kwa peso, na kwa kuwa peso nayo ilianguka, aliyehesabu kwa dola aliona karibu nusu ya mali yake imeyeyuka kwa siku moja. Uchaguzi wenyewe ulikuwa Oktoba 27. Aliyekuwa ameandika Oktoba kwenye kalenda alikuta shughuli imekwisha.

Upande wa pili ni tarehe za baada ya kura. Kenya walipiga kura tarehe 8 Agosti 2017, mshindi akatangazwa siku tatu baadaye, na wengi wakadhani ndiyo basi. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais. Bei zikaanguka hadi soko la Nairobi likasimamisha biashara kwa muda. Marudio yakafanyika Oktoba 26, hukumu nyingine ikaja Novemba 20, na kiapo Novemba 28. Hizo tarehe zote zingeweza kukadiriwa mapema na yeyote aliyesoma katiba, kwa sababu muda wa kufungua kesi, muda wa kuiamua na muda wa kurudia uchaguzi uliofutwa umeandikwa humo.

Kwa hiyo fungua sheria ya uchaguzi ya nchi husika, kisha andika:

1. Kura za mchujo au uteuzi wa wagombea, kama zipo.
2. Siku ya kura, na kama soko litakuwa wazi.
3. Siku ambayo matokeo yanatarajiwa, na mwisho wa kisheria wa kuyatangaza.
4. Duru ya pili. Uturuki mwaka 2023 duru ya kwanza ilikuwa Mei 14 na ya pili Mei 28. Wiki mbili hizo ni za kukaa na mashaka.
5. Mwisho wa kufungua kesi na mwisho wa kuiamua.
6. Mazungumzo ya serikali ya mseto, ikiwa nchi inatawaliwa kwa wingi wa viti bungeni. Hapa hakuna tarehe kamili; andika muda ambao sheria inaruhusu.
7. Kiapo, baraza la mawaziri, bajeti ya kwanza.

Wengi huruka namba 5. Marekani wenyewe waliingia katika shimo hilo mwaka 2000: kura ilipigwa Novemba 7, na ubishi wa Florida ukaendelea hadi uamuzi wa Mahakama ya Juu tarehe 12 Desemba. Kufikia mwisho wa Novemba S&P 500 ilikuwa imeshuka kwa takribani asilimia 8. Si yote yaliyosababishwa na kesi, kwani hisa za teknolojia zilikuwa zinaporomoka mwaka mzima, lakini mashaka hayakusaidia.

Hatua ya 2: Ondoa kwanza fedha zenye kazi nyingine

Ada, kodi ya nyumba, matibabu, deni: chochote kitakachohitajika ndani ya miezi sita kuanzia siku ya kura kisiwe ndani ya hisa. Kiuze sasa, soko likiwa tulivu. Hatua hii ni fupi lakini ndiyo inayookoa watu wengi, kwa sababu anayeumia zaidi uchaguzi ukivurugika ni yule anayelazimika kuuza siku ambayo hakuna mnunuzi.

Hatua ya 3: Uliza kila kampuni fedha zake zinatoka wapi

Kusema "soko litashuka" ni kusema kidogo mno. Ndani ya soko moja kampuni huenda pande tofauti. Waingereza walipopiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya tarehe 23 Juni 2016, pauni ilikuwa karibu dola 1.50 usiku ule, na kabla ya asubuhi ilikuwa chini ya 1.33, kiwango kilichoonekana mara ya mwisho 1985. Siku iliyofuata fahirisi ya FTSE 100, ya kampuni 100 kubwa zaidi za soko la London, ilifunga ikiwa imeshuka kwa takribani asilimia 3, lakini FTSE 250, ya kampuni zinazozifuata kwa ukubwa, ilishuka kwa zaidi ya asilimia 7. Wiki moja baadaye FTSE 100 ilikuwa juu kuliko kabla ya kura, huku ile ya pili ikiwa bado chini.

Mji mmoja, soko moja, habari moja. Tofauti ni kwamba kampuni kubwa za FTSE 100 hupata sehemu kubwa ya mapato yao nje ya Uingereza. Pauni ikianguka, dola wanazozikusanya huko huwa pauni nyingi zaidi. Kampuni za FTSE 250 hutegemea zaidi wateja wa nyumbani.

Chukua orodha yako, na mbele ya kila hisa andika herufi:

- N kama mapato mengi ni ya nyumbani.
- U kama mapato mengi yanatoka ughaibuni.
- S kama serikali ni mteja mkuu, au ndiyo inayopanga bei, leseni au ushuru wa bidhaa ya kampuni. Umeme, mawasiliano, madini, benki, ujenzi wa barabara, vileo na sigara huangukia hapa mara nyingi.
- D kama kampuni ina deni kubwa la fedha za kigeni.

Hisa moja inaweza kuwa na herufi mbili. Yenye N na D kwa pamoja ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho kali: inakusanya sarafu ya nyumbani na inadaiwa ya kigeni, hivyo sarafu ikianguka deni linanenepa bila kampuni kukopa hata senti. Ukiona orodha yako yote ni N na S, umeiweka mali yako yote mikononi mwa uchaguzi mmoja, hata kama una hisa za kampuni ishirini.

Hatua ya 4: Soma soko linatarajia nini

Hapa ndipo penye kazi ya kweli. Usianze na tafiti za maoni, zimalizie. Anza na vitu ambavyo watu wameweka fedha zao.

*Sarafu.* Angalia thamani ya sarafu ya nchi kwa miezi mitatu iliyopita. Katika nchi nyingi sarafu ndiyo inayotangulia kusema, hasa pale ambapo soko la hisa lina wanunuzi wachache. Tahadhari: kama benki kuu inaishikilia sarafu, utulivu wake haukuambii kitu.

*Riba ya hatifungani za serikali.* Hatifungani ni hati za mkopo ambazo serikali huziuza. Wakopeshaji wakiingiwa na hofu hudai riba kubwa zaidi. Rais Emmanuel Macron alipolivunja Bunge ghafla Juni 9, 2024, pengo kati ya riba ya miaka 10 ya Ufaransa na ile ya Ujerumani lilipanda kutoka karibu nusu ya asilimia moja hadi karibu asilimia 0.8 katika muda mfupi, na fahirisi ya CAC 40 ikapoteza zaidi ya asilimia 6 kwa wiki moja. Benki ziliumia zaidi, kwani zina hatifungani hizo ghalani mwao.

*Gharama ya kujikinga.* Kwa Marekani kuna kipimo cha VIX, kinachotokana na bei ambazo watu wanalipa kujikinga na mtikisiko wa S&P 500. Kabla ya uchaguzi wa 2016 kilipanda kutoka karibu 13 hadi karibu 22. Masoko mengi madogo hayana kipimo cha namna hii. Badala yake tazama pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, na wingi wa hisa zinazobadilishana mikono kwa siku. Pengo likipanuka na biashara ikikauka, watu wamejificha.

*Soko lenyewe.* Limepanda au limeshuka kiasi gani tangu kampeni zianze? Swali hili ndilo linalokuonyesha nani ameshalipwa mapema.

Mfano wa India unafaa kubandikwa ukutani. Tarehe 3 Juni 2024, baada ya tafiti za kuwahoji wapigakura waliotoka vituoni kutabiri ushindi mnono wa Narendra Modi, fahirisi ya Nifty 50 ilipanda kwa zaidi ya asilimia 3. Kesho yake kura zilipohesabiwa, chama chake kilipata viti 240 wakati wingi wa bunge ni 272. Nifty ikaanguka kwa karibu asilimia 6. Modi alibaki waziri mkuu kwa msaada wa washirika, na tarehe 7 Juni Sensex, fahirisi ndugu yake, ilifunga katika kiwango cha juu kuliko wakati wowote uliotangulia. Aliyenunua tarehe 3 kwa furaha akauza tarehe 4 kwa hofu alipoteza fedha katika juma ambalo soko lilimaliza likiwa juu.

Mwisho wa hatua hii andika sentensi moja: "Soko linaonekana kutarajia ____, na limekwisha kupanda/kushuka kwa asilimia ____ kwa sababu hiyo." Ukishindwa kuijaza, usiguse chochote katika orodha yako zaidi ya hatua ya 2.

Hatua ya 5: Andika njia nne na jibu lako kwa kila moja

Kwenye karatasi, kwa mkono. Ukiwa umetulia unaamua vizuri zaidi kuliko usiku wa matokeo, na karatasi haibadiliki kwa kuona bei nyekundu.

1. Anayetarajiwa ameshinda kwa kiasi kinachotarajiwa.
2. Anayetarajiwa ameshinda, lakini kwa wingi mkubwa mno au mdogo mno (Mexico na India).
3. Ameshinda asiyetarajiwa.
4. Hakuna anayejua: kesi, duru ya pili, mseto, ghasia.

Mbele ya kila njia andika hisa ipi utaigusa, kwa bei gani, na baada ya siku ngapi. Jibu linaweza kuwa "sigusi kitu". Kwa mfano: "Njia ya 3. Zenye U nazishika. Hisa ya benki ikishuka kwa zaidi ya asilimia 15 na ikakaa hapo siku tano, nitanunua kwa nusu ya akiba niliyoitenga. Sinunui siku ya kwanza."

Njia ya 4 ndiyo watu huiacha tupu, na ndiyo inayodumu muda mrefu zaidi. Afrika Kusini ilipiga kura Mei 29, 2024, na ANC ikapata kama asilimia 40, mara yake ya kwanza kukosa wingi tangu 1994. Randi ikadhoofika wakati vyama vikijadiliana, kisha ikapata nguvu baada ya Bunge kumchagua tena Cyril Ramaphosa tarehe 14 Juni kwa makubaliano yaliyokishirikisha chama kilichokuwa cha upinzani, DA. Wiki mbili. Kwingineko huenda miezi.

Hatua ya 6: Kama utapunguza, punguza mapema na kwa kiasi

Kuuza kila kitu ni kubashiri mara mbili: siku ya kutoka na siku ya kurudi. Wengi hupatia ya kwanza na kukosea ya pili. Ninachopendekeza ni kupunguza zile zilizozidi. Kama hisa moja yenye N na S ni theluthi ya mali yako, ipunguze hadi kiwango ambacho ikipoteza nusu ya thamani hutakosa usingizi. Sehemu ya fedha hizo ihamie kwenye U, au katika hatifungani fupi.

Onyo: usitegemee oda ya kuzuia hasara kama kinga ya usiku wa uchaguzi. Oda hiyo huuza pale bei inapopita kiwango ulichokiweka, na soko linapofunguka chini kabisa hakuna bei ya katikati. Aliyeweka kizuizi cha asilimia 10 huko Argentina Agosti 2019 aliuziwa kwa bei ya chini mno ya hapo, kwa sababu hakukuwa na mnunuzi njiani.

Onyo la pili: usikope kununua hisa msimu huu. Hata ukipatia mwelekeo, mtikisiko wa siku mbili unaweza kumfanya mkopeshaji auze hisa zako kabla hujapata kuwa sahihi.

Hatua ya 7: Siku ya matokeo, fanya kidogo

Usiku wa Novemba 8, 2016, soko la Marekani likiwa limefungwa, mikataba ya baadaye (ya kununua au kuuza siku za mbele kwa bei ya leo) ya S&P 500 ilishuka kwa asilimia 5 hadi ikagonga kikomo chake. Kesho yake soko lilifunga likiwa limepanda kwa asilimia 1.1. Waliouza usiku ule waliuza kwa watu waliokuwa wamelala vizuri.

- Usiweke oda katika saa ya kwanza ya biashara.
- Tumia oda ya bei maalumu, ile unayotaja bei ya mwisho unayoikubali. Oda ya bei ya soko siku kama hii inaweza kukununulia hisa kwa bei ya ajabu.
- Fungua karatasi ya hatua ya 5, tafuta njia iliyotokea, fanya kilichoandikwa. Kama hakikuandikwa, hakifanyiki leo.
- Jua vikomo. Marekani S&P 500 ikishuka kwa asilimia 7 biashara husimama kwa muda; India huanza asilimia 10, kupanda au kushuka. Tarehe 18 Mei 2009, baada ya ushindi wa muungano wa chama cha Congress huko India, Sensex ilipanda kwa asilimia 17 na biashara ya siku ikafungwa. Aliyekuwa anasubiri kununua hakupata nafasi.

Hatua ya 8: Baada ya hapo tazama watu na sheria, siyo hotuba

Mwaka 2002 Brazil, wawekezaji walimwogopa Luiz Inácio Lula da Silva kiasi kwamba sarafu ya nchi hiyo, reali, ilishuka kutoka karibu 2.3 kwa dola mwanzoni mwa mwaka hadi karibu 4 mwezi Oktoba. Juni ya mwaka huo Lula alikuwa ameandika barua ya wazi akiahidi kuheshimu mikataba. Soko halikumsadiki. Alipoingia madarakani na kuwaweka Antonio Palocci wizara ya fedha na Henrique Meirelles benki kuu, likaanza kusadiki. Mwaka 2003 fahirisi ya Bovespa ilikaribia kuongezeka maradufu.

Kwa hiyo fuatilia, kwa mpangilio huu: waziri wa fedha, gavana wa benki kuu, bajeti ya kwanza, halafu mswada wowote unaogusa sekta zako zenye S. Kila moja likitokea, rudi kwenye herufi zako uone kama kuna ya kubadilisha.

Makosa yanayorudi kila uchaguzi

*Kununua "hisa za mgombea".* Joe Biden aliposhinda Novemba 2020 ilisemwa kuwa kampuni za mafuta zimekwisha. Sekta ya nishati, ambayo ni ya mafuta na gesi hasa, ndiyo iliyoongoza S&P 500 mwaka 2021 na tena 2022. Bei ya mafuta ilipanda baada ya kufungwa kwa korona kulegezwa, kisha Urusi ikaivamia Ukraini, na hivyo viwili vilikuwa na nguvu kuliko ilani yoyote ya chama.

*Kuamini wastani wa kihistoria.* Utasikia kwamba mwaka fulani wa muhula wa rais wa Marekani huwa mzuri kwa hisa. Tangu 1928 hadi 2024 kumefanyika chaguzi 25 tu za urais huko, na ndani yake kuna mdororo mkuu, vita kuu na janga. Idadi hiyo ni ndogo mno kwa kujenga kanuni, na kuihamishia nchi nyingine ni makosa juu ya makosa.

*Kuwekeza kwa kadi ya chama.* Chama chako kikishindwa, dunia huonekana imekwisha. Kikishinda, kila hisa huonekana rahisi. Ukijiona una hasira au furaha, funga programu ya dalali.

*Uvumi wa makundi ya simu.* Matokeo "yaliyovuja" huandikwa na mtu ambaye huenda ana hisa za kuuza.

Mambo yakienda kombo

*Soko limefungwa na siwezi kuuza.* Hutokea. Athens, Ugiriki, soko lilifungwa kuanzia Juni 29, 2015, wiki ya kura ya maoni, na likafunguliwa Agosti 3 na kushuka kwa takribani asilimia 16. Misri lilifungwa karibu miezi miwili mwaka 2011. Hakuna ujanja wakati huo. Dawa yake ilikuwa hatua ya 2. Likifunguliwa, epuka siku ya kwanza, ambapo wote waliokwama huuza pamoja.

*Niliuza kabla ya kura na soko limepanda.* Usirudi kwa mkupuo. Gawa fedha mafungu matatu au manne sawa, nunua fungu moja kila mwezi kwa tarehe uliyoipanga, bila kutazama bei.

*Hisa zangu zimepanda sana lakini sioni utajiri.* Pima kwa sarafu nyingine. Mwaka 2022 soko la Istanbul lilikaribia kuongezeka mara tatu kwa lira, wakati mfumuko wa bei ulipita asilimia 80. Sehemu ya kupanda huko ilikuwa ni lira inayoshuka.

*Oda yangu haijatekelezwa.* Angalia kwanza kama bei imegonga kikomo cha siku. Kama ndiyo, oda iko foleni; isubiri au ifute, usiongeze nyingine juu yake. Kama siyo, huenda bei uliyoitaja iko mbali na soko. Iache hadi kesho kabla ya kuisogeza.

*Hisa moja imeshuka kuliko nyingine zote na sielewi.* Tazama herufi. Ikiwa ni N na D, huenda ni sarafu. Ikiwa ni S, tafuta kauli ya mshindi kuhusu sekta hiyo. Ikiwa haina herufi inayoeleza, huenda haihusiani na uchaguzi kabisa: soma matangazo ya kampuni yenyewe, maana hata msimu wa kampeni kampuni hutoa hesabu mbaya.

*Matokeo yamepelekwa mahakamani.* Rudi hatua ya 1, chukua tarehe ya mwisho ya hukumu, na uitendee kama siku ya pili ya uchaguzi: njia nne mpya, majibu mapya. Siku ya hukumu futa kila oda uliyoiacha wazi kabla majaji hawajaingia, kwa sababu oda ya jana iliandikwa kwa bei ya jana.